Msaada wakuu: fomu za bima ya afya za wafanyakazi, bado ni lazima nitume zote?

Mkaa_wa_Baridi: Wakuu, nipo Minnesota, nasimamia ofisi ya kampuni ya kuhudumia wazee majumbani. Tuko sitini na kitu. Kila mwaka nachapa fomu 1095-C ya kila mmoja (inayoonyesha bima ya afya tuliyompa), bahasha, stempu, na nyingi zinarudi maana watu wanahama ovyo. Nasikia sheria imebadilika. Niache kutuma? Bosi anataka jibu, usingizi sina.

Babu_Tanga: Bima ya Marekani isikie tu. Mimi ambulensi ilinibeba mtaa wa pili, bili ilipokuja nikajua wameniuzia gari. Rudi tulime korosho.

Dada_Hesabu: Sheria ilisainiwa Desemba 2024. Hulazimiki kumtumia kila mtu, mradi uweke tangazo kwenye tovuti ya kampuni kwamba fomu inatolewa kwa anayeiomba. Liwe na barua pepe, anwani na simu, likae mpaka 15 Oktoba. Akiomba mtu mwezi huu, una siku 30 za kumpa. Na IRS, watu wa kodi wa Marekani, bado unawapelekea zote kwa mtandao, mwisho 31 Machi. Tangazo umeweka?

Mkaa_wa_Baridi: Lipo ukutani, pembeni ya mashine ya kahawa. Kila mtu anapita pale.

Dada_Hesabu: Wahudumu wako wanashinda kwa wazee, ofisini wanapita saa ngapi? Weka kwenye tovuti. Kuna aliyeomba?

Ustadh_K: Jasho la mtu msilichezee. Mpeni haki yake.

Mkaa_wa_Baridi: Yupo dada mmoja, aliomba kwa barua pepe, mwezi umeshapita. Ila ameacha kazi, tena aliondoka kwa matusi. Na hakuwa wa muda wote, saa 32 tu kwa wiki. Nimeshamjibu kwamba fomu zimefutwa.

Dada_Hesabu: Loo! Kwa sheria ya bima ya afya ya Marekani, kuanzia saa 30 kwa wiki ni mfanyakazi wa muda wote. Kuacha kazi hakumwondolei haki ya fomu ya mwaka aliofanya. Huenda anataka kujua bima mliyompa ilihesabiwa nafuu au la, maana ruzuku yake ya serikali, kwa bima anayojinunulia mwenyewe kwenye soko la bima, inategemea hapo.

Kiboko_Yao: Hii chai. Watu sitini hakuna mhasibu? Na wiki jana jina hilihili liliuliza bei ya trela Texas.

Mama_Junior: Hata mimi nimeshtuka. Mods mchungulie.

Mkaa_wa_Baridi: Trela ni ya kaka, akaunti tunatumia wote. Mhasibu ni shemeji wa bosi, hata nywila ya mfumo hana. Mnataka niweke barua ya watu hapa?

Babu_Tanga: Trela ilipatikana kwa ngapi?

Dada_Hesabu: Chai au si chai, fomu ya huyo dada iende posta leo. Faini ya fomu moja ya mwaka 2025 ni dola 340.

Mkaa_wa_Baridi: Nikimpa yeye, wenzake wakisikia nao wakaomba?

Dada_Hesabu: Uwape.