Mjadala: Picha za kasi za Balla zitundikwe bila kutaja vita?

Mwanzisha mada:
Ndugu zangu, kuna aliyesema hapa kwamba picha isiyo na umbo la mtu wala kitu haiwezi kubebeshwa lawama: rangi ni rangi, basi. Nakataa, tena naanza na picha ninayoipenda.

Kati ya 1913 na 1914 Giacomo Balla, Mwitaliano, alichora gari likipita. Gari lenyewe hulioni. Unaona mistari inayopasua buluu ya anga na kijani cha ardhi, na alama za kukingamana zinazobeba mngurumo wa injini. Turubai haikutosha: rangi imepanda hadi kwenye fremu. Kila nikiitazama nasikia upepo.

Lakini kundi lake, Wafuturisti, wasanii waliotukuza kasi na mashine, lilianza na ilani ya Marinetti, mshairi wa Kiitaliano, ya Februari 1909. Ilani hiyo iliyolisifu gari la mbio ndiyo iliyosema vita vinasafisha dunia. Tarehe 1 Novemba 1911 rubani wa Italia alirusha mabomu kwa mkono kutoka kwenye ndege huko Libya, mara ya kwanza katika historia. Marinetti alikwenda Libya kuripoti vita hivyo, akavishangilia. Baadaye akajitolea kwenda kuipigania Italia huko Ethiopia. Chini ya mashine hizo walikuwepo Waafrika wenzetu. Makumbusho yaandike hayo ukutani, kando ya picha.

Mchangiaji:
Kaka, unamhukumu Balla kwa mdomo wa Marinetti. Fernand Léger, mchoraji Mfaransa, naye alichora maumbo ya mabomba na mitungi tangu 1913. Akapelekwa mstari wa mbele wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akatoka mgonjwa, na 1917 akachora wanajeshi wakicheza karata, miili yao vipande vya chuma. Huyo naye alishangilia vita?

Mwanzisha mada:
Hapana, dada, na kwa Léger umenigusa. Ila hata yeye alikiri kwamba sehemu ya nyuma ya mzinga wa milimita 75, ikiwa wazi juani, ilimfundisha kuliko makumbusho yote ya dunia. Alikiri mwenyewe, ndiyo maana namwamini.

Balla je? Mwaka 1915 alichora mfululizo wa picha za kuichochea Italia iingie vitani, mawimbi ya rangi za bendera yakijaa turubai. Anayeshikilia kwamba rangi haina kauli anifafanulie hizo, maana nazo hazina sura ya mtu hata mmoja.