Kinaya na tashbihi katika "Harrison Bergeron"

Swali: Wapenzi wa fasihi, katika hadithi hii ya Kurt Vonnegut ya mwaka 1961, ambamo serikali inalazimisha watu wote wawe sawa, fikra za George, baba mwenye akili nyingi, zinatoroka kama majambazi waliosikia kengele ya wizi. Je, tashbihi hiyo ni pambo tu?

Jibu: Si pambo, ndugu. Jambazi ni mhalifu, na kwa kuzifananisha fikra na wahalifu, mwandishi anaichora serikali iliyoharamisha kuwaza, hata ikamtia George redio sikioni ili imvuruge.

Jibu: Tena mtangazaji wa televisheni ana kasoro ya kutamka, akashindwa kusoma taarifa ya dharura. Usawa gani huo!

Muuliza swali: Nashukuru. Kinachonitesa zaidi ni Hazel, mkewe George, ambaye hakuvishwa redio yoyote, lakini anamlilia mwanawe Harrison na papo hapo anasahau kilichomliza.