Uyoga mdogo kwenye gogo lililooza: picha haitoki kali

Swali: Uyoga wa sentimita 1, lenzi ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) ya mm 100, tundu la lenzi f/22. Picha nzima inatoka laini. Tatizo nini?

Jibu: Mchawi wako ni hiyo f/22. Tundu dogo hivyo hutawanya mwanga, ukali ukapotea. Rudi f/8 (tundu kubwa zaidi), ISO 100 (kiwango kidogo cha kamera kuhisi mwanga), kamera kwenye tripodi, upige picha 10 hadi 15 ukisogeza fokasi kidogo kidogo toka mbele kwenda nyuma, kisha uziunganishe kwa programu ziwe picha moja iliyo kali mbele hadi nyuma.

Jibu: Upepo ukitikisa shina katikati ya mfululizo, anza upya, maana picha hazitalingana.

Jibu: Kofia ya uyoga iliyolowa ina madoa meupe ya mng'ao? Filta ya polaraizi huyapunguza, ila hula mwanga, kwa hiyo ongeza muda wa shata (muda kamera inaoacha mwanga uingie). Na tafadhali, msing'oe kuvu jirani eti mnasafisha mandhari!