Faru anakatwa pembe ili asiuawe: inasaidia kweli au tunajidanganya?

Kijiti_Kavu:
Wakuu, nisaidieni. Jana nimetazama video ya faru kalazwa chini, kafungwa kitambaa machoni, jamaa anamkata pembe kwa msumeno wa injini kama anapasua mbao. Nikadhani majangili, kumbe ndio hao hao wanaomlinda! Eti wanamkata ili jangili asiwe na cha kufuata. Maswali yangu: Haumii? Jangili akimkuta usiku atajuaje kwamba hana pembe? Na faru bila pembe atajitetea vipi huko porini? Naomba anayejua, si wa kubahatisha. (Asije mtu kunirekebisha kwamba ni "kifaru". Kwangu mimi kifaru ni cha jeshi.)

Mshika_Sikio:
Mkuu, kazi hiyo nimeifanya miaka sita. Si udaktari, mimi nilikuwa wa kushika sikio, ndiyo asili ya jina langu humu.

Haumii. Pembe ya faru si kama ya ng'ombe, ndani haina mfupa. Ni keratini tupu, kitu kile kile cha kucha na nywele. Ukikata juu, ukaacha kisiki cha upana wa kiganja hivi, ni sawa na kukata kucha. Ukishuka mno unagusa nyama hai, damu inatoka na pembe inaota kombo. Harufu yake sijaisahau mpaka leo: nywele zilizoungua.

Watu wanaona msumeno wanashtuka, lakini hatari haipo kwenye msumeno, ipo kwenye usingizi. Daktari akishampiga sindano, mara nyingi kutoka kwenye helikopta, faru anakimbia dakika chache, anaanza kunyanyua miguu ya mbele juu juu kama yuko kwenye gwaride, kisha anapepesuka. Hapo ndipo tunatimua mbio. Kitambaa machoni, soksi masikioni, maana hata akilala bado anasikia. Mmoja wetu kazi yake ni kuhesabu pumzi tu, hafanyi kingine, kwa sababu dawa ile inabana pumzi. Na mnyama wa uzito ule akilalia upande mmoja muda mrefu, misuli inaharibika. Chini ya pembe tunatandika turubai. Hata unga wa msumeno unakusanywa, unapimwa na kuandikwa. Unga nao una wezi wake.

Inasaidia? Inasaidia sana, ila si dawa ya kila kitu. Mwaka 2025 jarida la Science lilitoa utafiti wa hifadhi 11 za eneo la Kruger, Afrika Kusini, kati ya 2017 na 2023. Walipokata pembe, ujangili ulishuka kwa asilimia 78, na kazi hiyo ilikula asilimia 1.2 tu ya bajeti ya ulinzi. Kumbuka nchi hiyo ilitoka faru 13 waliouawa mwaka 2007 hadi 1,215 mwaka 2014.

Swali lako la jangili wa usiku ndilo lililokuwa linatunyima raha. Pembe inaota tena, kwa hiyo kila mwaka na nusu au miwili mnarudia. Na kisiki nacho ni fedha. Jangili hana haja ya kuacha shina: anapiga shoka usoni mpaka kwenye mfupa, anang'oa chote. Niliwahi kumkuta mmoja hivyo, tulikuwa tumemkata miezi mitano nyuma. Sikio lake nililijua kwa alama za kutambulisha tulizolichonga wenyewe.

Bonde_la_Chumvi:
Kama inaota kama kucha, kwa nini isivunwe na kuuzwa kihalali? Soko lingeshiba.

Mshika_Sikio:
Hoja hiyo ni ya siku nyingi, na wenye nayo si wajinga. Biashara ya kimataifa imepigwa marufuku tangu 1977 chini ya CITES, mkataba wa mataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Mimi naogopa kitu kimoja: pembe ya wizi na pembe ya halali zikishasagwa ni unga mmoja. Nani atazitenganisha bandarini?

Dada_wa_Nyika:
Mnasahau ulinzi wa bure! Yule ndege mdogo wa mdomo mwekundu tunamwita askari wa kifaru, na jina si la bure. Katika utafiti uliotoka mwaka 2020, watafiti walimwendea faru mweusi kwa miguu kule Hluhluwe-iMfolozi, hifadhi ya Afrika Kusini. Akiwa peke yake alimgundua mtu akiwa mita 27 hivi, akiwa na ndege mgongoni, mita 61. Faru haoni mbali, ndege ndiye anayeona kwa niaba yake. Sasa ndege hawa hula kupe, na dawa za kuogeshea mifugo ziliwaua sehemu nyingi, na hilo halipigiwi kelele.

Kijiti_Kavu:
Dada, hilo la ndege limenifurahisha. Mshika Sikio, la kujitetea hujanijibu.

Mshika_Sikio:
Kweli, nililiruka. Ukikata, kata wote wa eneo moja, la sivyo dume mwenye pembe atawatoboa wenzake. Ila kuna gharama nyingine. Utafiti wa 2023 kwa faru weusi ulionyesha kwamba wakikatwa, eneo wanalozungukia linapungua karibu nusu, na wanakutana na wenzao mara chache, pungufu ya zaidi ya theluthi. Kwa maneno mengine wanakuwa waoga. Kwa mnyama anayebeba mimba miezi 15 mpaka 16, kutokukutana si jambo dogo. Kule Sumatra, kisiwa cha Indonesia, faru waliobaki hawafiki 50, wametawanyika msituni kiasi kwamba tatizo kubwa ni dume na jike kutoonana kabisa.

Lakini woga huo siku ileile ya kukatwa siuoni. Daktari anachoma dawa ya kuamsha kwenye mshipa wa sikio, kwa hiyo mimi ndiye ninayebaki wa mwisho pale. Mna dakika moja, mbili. Sikio linaanza kucheza mkononi mwako, halafu unaliachia na kukimbilia gari bila kutazama nyuma.