Kamnyang'anya mama mkwe wangu sahani, tonge likiwa mkononi!

MgosiHalisi (mwanzisha uzi):

Wakuu, nimetoka pale sasa hivi, vidole bado vinanuka samaki changu. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa "wapi nile nikija Tanga". Ule ni wa kula, huu ni wa kunyimwa kula.

Sitaji jina. Wote mnamjua, yule mwenye mgahawa wa upande wa baharini anayejiona bahari kaichimba yeye. Mji huu sidhani kama kuna mtu hajanuniwa naye.

Mama mkwe kashuka leo kutoka Lushoto. Mama wa watu kapakata kikapu cha peasi kona zote zile za mlimani. Nikasema leo nyumbani jiko haliwashwi, mama akaonje samaki aliyetoka majini leo leo. Na mnajua kwetu mtu na mkwewe kukaa meza moja si jambo dogo. Mimi na mwanangu tukajitenga pembeni, mama na binti yake wakapata meza ya mbele, inayotazama maji.

Changu wa kupaka na wali wa nazi. Wakuu, tumesubiri! Maji yamekupwa, yamejaa, yamekupwa tena. Kijana, samaki vipi? Yuko jikoni mzee. Nusu saa, yuko jikoni. Yule changu angekuwa na miguu angesharudi zake Deep Sea. Soda zimekuja za moto, nikanyamaza. Changu kaja mkia umeungua, na bei 25,000, nikanyamaza. Mgeni yupo, utasemaje?

Mama kanawa, kasema bismillahi, kala tonge la kwanza. Kafinyanga la pili. Hapo akatoka YEYE MWENYEWE ndani, si mhudumu, yeye. Hakusalimia mtu. Akafika mezani akainua sahani. Akainua sahani, wakuu! Mama ana tonge mkononi, tui linamchirizika mpaka kwenye kiwiko, anaitazama sahani inavyoondoka. Eti, "Mama utamalizia kule nyuma, wageni wa Dar wameshafika."

Kule nyuma ni kwenye tangi la maji na magunia ya mkaa.

Wageni wa Dar! Kwani huyu wa Lushoto ni mwenyeji? Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Pale mgeni kaja, kanyang'anywa sahani!

Hela nimelipa yote. Risiti kaniandikia kwa kalamu kwenye kikaratasi cha sigara, wakati mashine za risiti, EFD, zipo nchi hii tangu 2010. Hilo nitalisemea siku yake. La leo ni sahani. Mama hajatamka neno mpaka tumefika nyumbani. Kanywa chai kavu, kalala, na kasema kesho anapanda basi la asubuhi.

Msile pale. Hata maji msinywe pale.

Bint Mabawa:
Tonge mkononi?! Jamani huyo mtu. Mimi aliwahi kuniinua kwenye kiti, eti meza ile si ya wanywa chai. Na chai yenyewe maji ya moto yaliyosimuliwa habari za majani.

Mtu wa Makorora:
Pole mgosi, ila kila siku tunasema humu. Mgeni wa heshima unampeleka Ngamiani. Anakaa kwenye benchi, anapakuliwa pilau la Ijumaa na kachumbari, anaongezwa mchuzi bila kuomba, na anayempakulia anamwita mama. Wewe umelipa elfu 25 kununua upepo.

MgosiHalisi:
Sijaomba ushauri wa pilau. Mtu ana TONGE MKONONI, sahani inaondoka!

Mla Mishkaki:
Sasa lile tonge alilila au alilirudisha? Tujibiwe hilo kwanza.

MgosiHalisi:
Kaka, huyo ni mama yangu. Kalishikilia mpaka mke wangu akampa leso. Umeridhika?

Shemeji wa Pongwe:
Mkuu umetusimulia vizuri sana sahani ilivyoinuka. Bado hujatusimulia wewe ulivyoinuka.

MgosiHalisi:
Niliinuka! Mke wangu kanishika shati. Utapigana mbele ya mkweo? Nikamwambia yule bwana, "Rudisha sahani." Akanijibu, "Mzee, biashara hii." Kanipa mgongo, sahani ya mama anayo mkononi, anakwenda nayo kwenye magunia ya mkaa.

Shemeji wa Pongwe:
Kwa hiyo ulikaa.

Bint Mabawa:
Shemeji mwache mwenzio, ana machungu. Mbele ya mkwe hata mimi ningeganda.

Nahodha wa Ngarawa:
Ya sahani mtamalizana wenyewe, mimi nashughulika na huyo changu. Upepo wa kusi ukichafuka vyombo vidogo havitoki, sasa hao wa baharini samaki wa kila siku wanamtoa wapi? Kwenye barafu. Ndiyo maana wanapaka tui zito, kitu kisionekane. Siku nyingine mwambie akuletee umwone kabla hajapikwa. Jicho liwe limetuna na linang'aa, mashavu mekundu, nyama ukiibonyeza irudi. Jicho likizama, nyanyuka uende zako. Na wale wa "pweza wa leo" ndio waongo wakubwa. Pweza wanamtoa mwambani kwenye bamvua, maji yakikupwa sana. Mtu anakuuzia pweza wa leo na ni wiki nzima ya maji mafu, hayakupwi sana!

Mla Mishkaki:
Nahodha umeniumiza. Jana nimekunywa supu ya pweza vikombe viwili.

Nahodha wa Ngarawa:
Jana maji mafu. Ulikunywa pweza wa wiki iliyopita.

Mkaguzi wa Mtaa:
Mleta mada, kuhusu risiti. Muuzaji anatakiwa atoe, na mnunuzi anatakiwa adai. Umepokea kikaratasi ukaondoka nacho, na wewe una kosa lako.

MgosiHalisi:
Hivi humu watu hamsomi? Mama mkwe wangu kainuliwa sahani, nyie mnanihukumu kwa risiti!

Bint Mabawa:
Afadhali hao wa samaki, nyie hamjala chipsi zege kwa yule wa stendi. Mafuta meusi, ukichungulia kwenye karai unajiona. Juzi nimeuliza lini yamebadilishwa, akaniambia, "Dada, haya ndiyo yana ladha." Tumbo limeniuma usiku kucha, na kachumbari kaniwekea nusu kijiko.

Mtu wa Makorora:
Yule namjua! Na chenji hana kamwe. Ukimpa elfu kumi anakupa pipi.

Mwana wa Bagamoyo:
Tanga mnalalamika, njooni huku kwetu. Wanakuletea menyu ya kurasa nane, kamba, ngisi, kaa, picha zinang'aa. Ngisi? Wameisha. Kamba? Mpaka kesho. Kaa? Anayempika hajafika. Kilichopo ni wali maharage na chipsi kuku. Na soko la samaki liko hapo hapo, ukitupa jiwe linafika! Wikiendi watu wa Dar wakishuka, bei inapanda na wewe mwenyeji unapanda nayo.

Mla Mishkaki:
Watu wa Dar tena! Huu uzi unawahusu wao.

Mpemba wa Kwaminchi:
Kusema kweli Tanga mna kachori tu, na bado mnaimwagia ukwaju. Urojo wa kwetu Visiwani unapikwa kwa unga, manjano na embe mbichi, unaingia viazi, bajia, katlesi, chatne ya nazi. Hapa mtu anakuwekea kachori kwenye maji ya njano, anakwambia urojo.

Mtu wa Makorora:
Ondoa hiyo kauli. Kachori ya Tanga hailinganishwi na kitu. Ukwaju ndio unaoikata ile pilipili.

Mpemba wa Kwaminchi:
Embe ndiyo asili.

MgosiHalisi:
Wakuu, mama mkwe... tonge...

Nahodha wa Ngarawa:
Mpemba yuko sahihi kwenye embe, ila urojo wa mwisho nilioula Forodhani ya Unguja ulikuwa mwepesi, umejaa kachori za jana. Msijisifu sana.

Bint Mabawa:
Mnaniudhi, mmeshanitia njaa. Saa hizi kachori za moto nani anazo? Yule bibi wa Barabara ya 12 bado yupo nje?

Mtu wa Makorora:
Yupo, ila bajia zimekwisha. Beba kontena lako, mfuko hana.

Mpemba wa Kwaminchi:
Mwulizeni kama ana embe.