Bata mzinga, pilau na yule kijana wa bajaji

*Kikundi: Familia ya Tabata. Ijumaa.*

05:12 Dada Marekani: Asalaam aleikum familia. Shikamoo Mama, shikamoo Baba Mdogo, shikamoo Shangazi. Najua huko ndo mnaamka kuswali. Huku bado Alhamisi, saa tatu usiku. Nimetoka kula sikukuu kwa mama mmoja ninayefanya naye kazi, hapahapa Columbus.

05:14 Mama: Waaleikum salaam, marahaba mwanangu. Sikukuu gani tena?

05:15 Dada Marekani: Ya kushukuru mavuno, Mama. Kila Alhamisi ya nne ya Novemba. Ofisi zimefungwa, barabara tupu, kila mtu yuko kwao na bata mzinga mezani.

05:16 Mama: Na huyo bata mzinga wao kachinjwa na nani?

05:18 Dada Marekani: Sikumgusa Mama, usiwe na wasiwasi. Nilipeleka pilau, nyama nimenunua kwa Wasomali, hapa wako wengi. Bizari ni ileile uliyonifungia kwenye kopo la maziwa. Sufuria imerudi tupu. Mimi nimekula viazi vya kuponda na mahindi, na boga wameliokea kama keki.

05:24 Baba Mdogo: Marahaba binti yangu. Hiyo inatokana na 1621. Waingereza waliohamia Plymouth, hukohuko Marekani, walivuna kwa mara ya kwanza, wakala siku 3 na Wawampanoag, wenyeji wa pale. Rais Lincoln akaitangaza kitaifa 1863, Wamarekani wako vitani wenyewe kwa wenyewe.

05:27 Dada Marekani: Ndiyo Baba Mdogo. Mwenyeji wangu kaongeza kwamba tangu 1970 kuna wenyeji wa asili wanaokutana hukohuko Plymouth, siku hiyohiyo, kuomboleza. Baada ya kile chakula walipoteza ardhi na watu wao. Alilisema kabla hatujagusa sahani. Nilimheshimu sana.

05:28 Baba Mdogo: Kafanya jambo la maana.

05:36 Dada Marekani: Sasa kilichonifanya niandike. Kabla ya kula, kila mtu anataja jambo moja analoshukuru. Mmoja kashukuru kazi, mwingine mjukuu. Zamu inakuja, mimi nawaza niseme nini, kibali? afya? Ikanijia Aprili. Ule usiku Baba alipoanguka, mvua haikatiki, mimi niko kazini, napiga simu zenu zote hazipokelewi. Basi nikamtaja yule kijana wa bajaji. Nikawaambia kuna mtu Dar es Salaam, hata jina lake silijui, alimbeba baba yangu siku ambayo mimi sikuweza. Nikashindwa kumalizia. Yule mama akanishika mkono, tukakaa hivyo.

05:38 Shangazi: Jamani mwanangu 😭

05:45 Mama: Maji yalikuwa yananifika gotini. Bajaji ikazimika kabla hatujafika lami. Akashuka, akaisukuma peke yake, anasema "Mama usishuke, mshike mzee kichwa." Shati lake akamfunika nalo baba yenu, yeye akabaki kifua wazi kwenye mvua ile. Hospitali hakuondoka mpaka daktari alipotoka. Akapokea ya mafuta tu.

05:47 Dada Marekani: La shati hamkuniambia.

05:48 Mama: Ningekwambiaje, nawe uko mbali unalia.

05:52 Shangazi: Mungu kasema tukizihesabu neema zake hatuzimalizi. Mimi hii moja tu bado sijaimaliza.

05:55 Dada Marekani: Mdogo wangu, nakutumia hela kwenye simu, mpelekee.

05:57 Mimi: Sawa dada. Anaegesha Kimanga, kijiwe cha pale kwa muuza chipsi. Nikitoka Ijumaa nampitia.

05:58 Mama: Hela atakataa. Mchumie dodo, usiku kucha zinadondoka juu ya bati. Chagua zisizo na kovu, ufunge kwenye kapu langu jipya.

14:06 Mimi: Nimempata. Kabla sijamsalimu kaniuliza, "Mzee anaendeleaje?" Hela kweli kakataa. Maembe kapokea kwa mikono miwili, moja kalinusa palepale. Nikamweleza kwamba katajwa mezani Marekani. Kanyamaza kidogo, akasema "Mwambie dada nimesikia."

14:08 Dada Marekani: Nimeamka na hii. Alhamdulillah. Alhamdulillah.

14:19 Baba: Mrudie, muulize Jumapili ana nafasi. Aje ale hapa nyumbani, nimrudishie shati lake kwa mkono wangu. Limefuliwa siku nyingi. Na wewe mwanangu, huko kumekucha? Swali kwanza, halafu nipigie.