Msimu wa ski za mlimani umeisha, nimegeuka mara nyingi kuliko kufika kileleni. Nyie mnaupimaje msimu?

MmachameDenver
Wakuu habari zenu. Mtoto wa Moshi hapa, nimekua naiangalia theluji ya Kibo kwa mbali (na hapana sijawahi kupanda Kili, msianze), sa hv niko Colorado na huu ulikuwa msimu wangu wa tatu wa kupanda milima na ski. Sio zile za lifti. Hii unabandika ngozi chini ya ski (vitambaa vyenye manyoya vya kuzuia usiteleze kurudi nyuma), unapanda kwa miguu yako masaa manne, juu unazibandua, unashuka dakika ishirini magoti yanalia.

Nimepitia daftari langu jana, nimetoka mara 19, kileleni nimefika mara 6 tu. Inayoniuma ni ile ya Berthoud Pass mwezi wa pili. Ripoti ya CAIC (kituo cha Colorado cha taarifa za maporomoko ya theluji) asubuhi ilisema hatari ngazi ya 3 kati ya 5, tukachimba shimo kukagua matabaka ya theluji, chini karibu na ardhi tukakuta theluji ya chembechembe kama sukari, ukiifinya haishikani kabisa. Tukageuka. Tukiwa tunarudi tukapishana na jamaa wanne wanapanda, baadae tunawaona wanashuka mteremko uleule wanapiga kelele za furaha na hakuna kilichoporomoka. Nikajiona bonge la mwoga. Sasa utajuaje kama uligeuka kwa akili au kwa woga?

baridi_haizoeleki
Mtu katoka Moshi kwenye ndizi na joto lake anaenda kutafuta baridi kwa hela yake mwenyewe 😂😂 endelea mkuu nasoma

Kaka_wa_Wasatch
Mdogo wangu, wale wanne hawajakuthibitishia kitu. Hiyo sukari inatokea mwanzoni mwa msimu, theluji inaanguka kidogo mwezi wa kumi au wa kumi na moja halafu usiku unakuwa wa baridi kali, chini ardhi bado ina joto joto, ile tofauti inazibadilisha chembe zinakuwa kubwa na hazishikani. Zikija kufunikwa zinakaa hapo chini miezi. Na mzigo wa juu haulingani kila sehemu, kwahiyo wanne wanaweza kupita salama halafu wa tano akakanyaga karibu na jiwe ambapo theluji ni nyembamba, mteremko mzima unaondoka naye. Ukifukiwa una kama dakika 10 hadi 15 za wenzio kukutafuta kwa bikoni (kifaa cha redio mnachovaa kila mmoja) na kukuchimbua, baada ya hapo hali inakuwa mbaya haraka sana.

Mimi ningeuliza, nani alisema tugeuke? Kwetu mmoja akisema hapana imeisha, hakuna kubembelezana.

DadaKoleo
Naona mnampa pole tu. Mdogo wangu shida yako ni ratiba, roho haina kosa. Mwezi wa pili Colorado na tabaka kama hilo, mteremko wa nyuzi 35 ulikuwa unaufuata nini? Maporomoko mengi yanaanzia kwenye nyuzi 30 hadi 45. Baridi ikiwa kali baki chini ya 30, pima kwenye ramani ukiwa nyumbani na chai yako. Yale makorongo makali subiri mwezi wa nne na wa tano, theluji ikishayeyuka mchana na kuganda usiku mara nyingi inashikana. Hapo unatoka saa tisa usiku na kabla ya saa sita mchana umeshashuka, jua likiilainisha sana inaanza kuteleza tena. Mara 13 kugeuka maana yake ulikuwa unaenda kuuliza swali ambalo ripoti ilishajibu.

MmachameDenver
Dada umenichana aisee 😅 nimerudi kwenye daftari, kati ya zile 6 tano ni za baada ya katikati ya mwezi wa nne. Kaka, aliyesema tugeuke ni mwenzangu, mimi nilinuna mpaka kwenye gari, nadhani ndo kinachoniuma hasa. Nitampigia leo. Ngozi nimeshazikunja nimeziweka kwenye friji gundi isiharibike, wife kaziona pembeni ya samaki ananiuliza huyu ni mnyama gani.